Mikia ya Maneno ya Kiingereza



Wengi kati yetu tunajifunza Kiingereza kama mtu anayechota maji na kikapu. Tunaandika kwenye kaye, upande wa kushoto neno la Kiingereza, upande wa kuume maana yake kwa Kifaransa, maneno makumi mawili kila siku. Usiku tunakariri. Nyuma ya wiki mbili maneno yote yamekimbia, na kwa interogasio mtu anabaki anatazama dari. Mimi pia niko na kaye ya namna hii, siikatai. Lakini tangu mwaka uliopita nimeanza kutazama kitu kingine, ndiyo mwisho wa neno. Kwa Kifaransa tunaita suffixe. Mimi ninaita mkia, juu mkia wa nyama ya pori unakuonyesha ni nyama gani hata kama kichwa na mwili vimejificha ndani ya majani.

Mambo haya yalianza kwa kalasi. Siku moja porofesa wetu wa Kiingereza aliandika kwenye ubao mstari ambao hakuna diksionere moja ya dunia inaweza kuufasiri:

"The zumber walked tavly into the dafless forest."

Tulinyamaza. Wengine walianza kufungua kaye. Porofesa alisema: "Fungeni. Maneno matatu hapa nimetunga mimi mwenyewe asubuhi hii, hamtayaona popote. Sasa niambieni, nani alitembea?" Mwenzetu moja wa nyuma akajibu: "Porofesa, ni zumber njo alitembea." "Na zumber ni nani?" "Ni mtu mwenye kufanya kazi ya kuzumb." Kalasi yote ikacheka, lakini porofesa hakucheka. Alisema jibu ni zuri kabisa. Akauliza tena: "Alitembea namna gani?" "Kwa namna ya tav." "Na msitu ule ulikosa nini?" "Ulikosa daf!" Hapo tulipiga kelele wote pamoja, wengine wakisema daf ni nyoka, wengine wakisema ni njia. Lakini hakuna mtu hata moja aliyekosa kujua kwamba daf haikuwa ndani ya msitu ule.

Fikirini neno hili vizuri. Maneno matatu hayana maana yoyote, na sisi tumeelewa karibu mambo yote. Nani alitufundisha? Ni ule mkia '-er' wa 'teacher', 'farmer' na 'singer', ni '-ly' ya 'slowly', na '-less' ya 'homeless'. Mkia haukuambii mwili wa neno ni nini. Unakuambia neno lile linafanya kazi gani katika mstari, kama ni mtu, ama ni sifa, ama ni namna ya kufanya. Kwa Exetat, fasi ambapo hakuna kufungua diksionere na saa inakimbia, hiyo si kitu kidogo.

Wengine wanasema mambo haya ni ya wazungu, ni magumu. Ninakataa. Sisi tunaosema Kiswahili tumezoea kazi hii toka mgongoni mwa mama zetu. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinapenda kufanya kazi hiyo kwa kichwa cha neno, na Kiingereza kinapenda kuifanya kwa mkia. Tazama: mtu anaimba, ni mwimbaji. Mtu anasoma, ni msomaji. Sisi tunaweka 'm' mbele na 'ji' nyuma. Mwingereza anaweka '-er' nyuma tu, 'singer', 'reader', basi amemaliza.

Tena chukua ile 'u' yetu. Mtoto, utoto. Rafiki, urafiki. Mfalme, ufalme. Huru, uhuru. Maskini, umaskini. Sisi tuna kichwa kimoja kwa yote. Mwingereza, kwa kazi ile ile, iko na mikia mingi na kila moja inataka mwili wake: 'childhood', 'friendship', 'kingdom', 'freedom', 'poverty', na kwa wema anasema 'goodness'. Wengi wetu wanakasirika hapa, wanauliza juu ya nini watu hawa hawakuchagua mkia moja tu. Mimi pia nilikuwa ninauliza. Lakini ukikaa na maneno haya kwa muda utaona mikia hii haisemi kitu kimoja. '-hood' inapenda hali ya mtu ama wakati wa maisha yake, kama utoto. '-ship' inapenda uhusiano wa watu ama cheo. '-ness' inashika sifa: 'kind' ni mwenye huruma, 'kindness' ni huruma yenyewe. Na '-dom' mara mingi ni eneo ama hali kubwa inayokuzunguka. Kwa hiyo Kiingereza kinaweza kutenganisha 'kingdom', ndiyo nchi ambayo mfalme anatawala, na 'kingship', ndiyo cheo chake cha kuwa mfalme. Kwa Kiswahili zote mbili ni ufalme, na msikilizaji anajitafutia mwenyewe.

Kuko fasi ingine ambapo Kiswahili na Kiingereza wanatembea pamoja kabisa, wote wawili kwa mkia. Tunasema soma, halafu tunasema maandiko haya yanasomeka. Kula, chakula kinalika. Kupita, njia inapitika, ama wakati wa mvua haipitiki, kama wote tunavyojua. Ile '-ika' na '-eka' ni ndugu ya '-able': 'readable', 'eatable', 'passable'. Na ile '-isha' yetu, ya kusababisha kitu kiwe hivi ama vile, iko na ndugu watatu kwa Kiingereza. Fupi, fupisha: 'short', 'shorten'. Rahisi, rahisisha: 'simple', 'simplify'. Halali, halalisha: 'legal', 'legalize'. Wengine wanaandika 'legalise' na 's', ni sawa tu, ila usichanganye zote mbili katika karatasi moja.

Sasa nitaeleza jambo ambalo lilinifanya nipende mikia hii kwa kweli.

Wakati wa likizo kubwa nilikaa kwa mjomba wangu, ambaye anauzisha mbegu na dawa za shamba sokoni. Vitu vyake vingi vinatoka upande wa Uganda, kwa hiyo karatasi iliyobandikwa kwenye chupa imeandikwa kwa Kiingereza. Mjomba alisoma kwa Kifaransa, tena vizuri. Kiingereza chake ni kile cha mpakani, cha kuhesabu feza na kupatana bei.

Siku moja papa mmoja alikuja kutafuta dawa ya wadudu wanaokula mboga yake. Mjomba akamwonyesha chupa. Papa akafungua kifuniko, akanusa, akasema: "Hii haina nguvu. Hainuki. Dawa ya kweli inanukaka mpaka macho inatoka machozi." Mjomba akajibu: "Nguvu iko, papa. Ni ya kisasa tu, haina hatari kwa watoto nyumbani. Angalia hapa, wameandika less, na hapa tena less. Wamepunguza sumu."

Ile 'less' mjomba aliijua vizuri sana, juu ni neno la mpakani. Ukitaka kupunguziwa bei unasema 'less, less', na mchuuzi anaelewa. Mimi niliinama nikasoma chupa ile. Iliandikwa 'colourless' na 'odourless'. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: 'harmful if swallowed'.

Ninyi mnajua, kwa desturi yetu mtoto hasahihishi mkubwa mbele ya mgeni, zaidi tena mbele ya mnunuzi. Lakini papa yule alikuwa amekwisha kutoa feza mfukoni, na alisema ana wajukuu nyumbani. Nikasema: "Mjomba, samahani. Niruhusu nisome hii maandiko ndogo kwa sauti, Kiingereza yangu isipotee kwa likizo." Mjomba akanitazama kidogo, akasema: "Soma."

Nikasoma, na nikafasiri polepole kama tunavyofanya kwa kalasi. 'Colour' ni couleur, 'odour' ni odeur, mwili wa maneno haya unatoka kwa Kifaransa, hakuna shida. Lakini '-less' iliyo mkia wa neno si ile 'less' ya kupatana bei. Zinafanana sura tu. Ile ya mkia ni neno la zamani sana la Waingereza lililokuwa na maana ya kukosa, ama kuwa bila kitu, na jamaa yake ni 'loose', ndiyo kulegea ama kufunguliwa. Haisemi kidogo. Inasema hakuna. Basi dawa ile haikuwa na rangi hata kidogo, wala harufu hata kidogo. Hakuna mtu aliyeandika kwamba sumu imepunguzwa. Na '-ful' ya 'harmful' inasema kinyume chake, imejaa. 'Harm' ni madhara. Neno la mwisho, 'swallowed', nilifungua diksionere yangu ndogo, na kwanza ikanipa ndege, ile hirondelle inayoruka chini ya mapaa. Chini yake nikaona maana ya pili: kumeza.

Dawa isiyo na rangi wala harufu, ukiitia ndani ya chupa ya limonadi kama watu wengi wanavyofanya, mtoto atasema ni maji.

Papa yule hakurudisha chupa. Aliinunua, akaomba sasheti mbili, akaifunga vizuri, akasema ataiweka juu ya dari, fasi ambapo hata yeye mwenyewe anapanda na ngazi. Alipokwenda, mjomba hakusema kitu kwa muda mrefu. Jioni, wakati wa kufunga duka, akanambia: "Leta zile zote." Tulikaa na taa, tukasoma chupa kumi na saba, moja kwa moja, na yeye aliandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ndogo akabandika. Kwa zingine nilishindwa kabisa, juu mkia nilijua lakini mwili sikujua, na diksionere yangu haikuwa na neno lile. Hizo aliziweka kando mpaka amuulize agronome. Hapo ndipo mkia unafika mwisho wa nguvu yake, na mtu asidanganye wengine.

Hizi '-ful' na '-less' ziko na mambo mengi ya kuchekesha. 'Careful' na 'careless', 'painful' na 'painless', hizo zinakwenda sawa kama jozi ya viatu. Lakini 'priceless', bila bei, ni kitu cha thamani kubwa mpaka hakuna bei inayotosha. Na 'worthless', bila thamani, ni takataka. Zote mbili ni 'bila', moja unaifungia ndani ya sanduku na ingine unaitupa njiani. 'Shameful' ni jambo la aibu, na 'shameless' ni mtu asiye na haya, kwa hiyo kujaa aibu ama kukosa aibu, yote ni mabaya. Na kwa kuandika, mkumbuke: 'full' peke yake iko na 'l' mbili, lakini ikiwa mkia inabaki na moja. Kila mwaka pointi mingi zinapotea hapo.

Mtu atauliza, mikia hii yote ilitoka wapi? Jibu linatufurahisha sisi watu wa Kifaransa. Mwaka 1066 William, mkubwa wa Normandie, alivuka bahari akashinda Uingereza, na kwa miaka mamia wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa. Watu wa shamba waliendelea na Kiingereza chao. Lugha mbili zilipikwa ndani ya chungu kimoja. Toka kwa Waingereza wa zamani kunabaki '-ness', '-hood', '-ship', '-dom', '-ful', '-less', '-ly'. Toka kwa Kifaransa na Kilatini nyuma yake kuliingia '-tion', '-ity', '-ment', '-able', '-ee'. Ndiyo maana 'nation', 'liberty', 'university' na 'government' tunazielewa bila mtu kutufundisha, shida ni kutamka tu. Na nyuma watu walisahau nani alileta nini. Wakachukua mwili wa Kiingereza 'eat' wakaufunga mkia wa Kifaransa, 'eatable'. Wakachukua beauté ya Kifaransa wakaifunga mkia wa Kiingereza, 'beautiful'.

Katika hizo za Kifaransa, moja ninaitazama sana, ile '-ee'. 'Employer' ni mwenye kutoa kazi, 'employee' ni mwenye kupewa. Ni sawasawa na employeur na employé kwetu. Mkia '-ee' unakuja kwa mtu ambaye jambo limempata. Na neno 'refugee' liko ndani ya ukoo huu. Historia yake inatuhusu kidogo sisi wa shule ya Kiprotestanti. Mwaka 1598 mfalme wa Ufaransa alitoa amri ya Nantes iliyowapa Waprotestanti wa nchi yake, walioitwa Huguenots, ruhusa ya kuabudu. Mwaka 1685 mfalme Louis wa kumi na ine akaifuta. Watu wengi wakakimbia, kwenda Uholanzi, Ujerumani na Uingereza. Waingereza waliwasikia wakijiita réfugiés, wakachukua neno lile wakaliandika kwa namna yao, 'refugee'. Watu wa kwanza kuitwa hivyo kwa Kiingereza walikuwa wale.

Sisi tunasema mkimbizi. Kiswahili kinatazama miguu ya mtu: amekimbia. Mkia wa Kiingereza unatazama yale yaliyompata. Katika kalasi yetu kuko wenzetu ambao wanajua neno hili kwa lugha zote mbili bila kufungua kitabu, na nilipouliza moja wao ni lugha gani inasema vizuri zaidi, alijibu kwamba wakati wa kukimbia ni Kiswahili, na wakati wa kukaa ndani ya kambi na kungojea ni Kiingereza. Sikumwongezea neno.

Nirudi kwa '-ly', maana niliiruka. Ni ndugu ya '-ment' yetu: lentement, 'slowly'. Lakini asili zake zinashangaza. '-ment' ya Kifaransa ilitoka kwa neno la Kilatini la akili ama roho: kufanya kitu lentement ilikuwa kukifanya kwa akili ya polepole. '-ly' ya Kiingereza ilitoka kwa neno la zamani lenye maana ya mwili. Mmoja alichukua roho, mwingine akachukua mwili, na leo wote wawili wanafanya kazi ile ile ndogo. Mimi ninapenda sana jambo hili, ingawa halitaulizwa kwa mtihani.

Kitakachoulizwa kwa mtihani ni mikia ya uongo, na hapa mfungue macho. 'Friendly' iko na '-ly' lakini haisemi namna ya kufanya, ni sifa: 'a friendly dog'. Vilevile 'lovely' na 'brotherly'. Mbaya zaidi ni 'hard' na 'hardly'. 'He works hard', anafanya kazi kwa bidii. 'He hardly works', hafanyi kazi, ni kidogo sana kama si kitu. Fikiri mtu anabeba barua ya kumpendekeza kwa kazi, na mwandishi alitaka kumsifu, akaongeza ule mkia akidhani anaipamba sentensi.

'-er' pia haiaminiki. 'Cook' ni mpishi. 'Cooker' si mpishi, ni jiko lenyewe. Waingereza waliona 'cook' inatosha kwa mtu, wakaweka mkia kwa chombo. Na wasicheke Wafaransa, juu cuisinière kwa Kifaransa ni mama mpishi na pia ni jiko, utajua ni nani ukimsalimu. Tena kuko ile '-er' ya kulinganisha, 'bigger', 'faster', ambayo haina udugu wowote na ya 'teacher'. Na katika 'river' ama 'corner' hakuna mkia wa kuondoa. Ukikata 'er' ya 'corner' unabaki na 'corn', mahindi, na mstari wako umeharibika.

Kwa '-ness' kuko wezi pia. 'Lioness' haina '-ness' hata kidogo, ni 'lion' na mkia wa kike '-ess', simba jike. 'Witness' iko na '-ness' ya kweli, na zamani ilikuwa na maana ya ujuzi na ushuhuda, kama dada zake wote. Halafu neno likahama toka kwa ushuhuda kwenda kwa mtu mwenyewe, leo shahidi anaitwa 'a witness'. Na 'wilderness', ambayo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inatumia kwa jangwa ambamo Waisraeli walizunguka miaka makumi ine, ndani yake kuko 'wild' na 'deer'. Leo 'deer' ni nyama ya namna ya swala mwenye pembe zenye matawi, lakini zamani ilikuwa nyama yoyote. Kwa hiyo neno lile lilikuwa fasi ya nyama za pori. Msomaji wa Kiswahili anasoma jangwa anafikiri mchanga. Mwingereza wa zamani alifikiri simba.

Mambo ya kuandika nitapita haraka, yako ndani ya kitabu cha kalasi. 'Happy' inageuza 'y' kuwa 'i' katika 'happiness'. 'Make' inaacha 'e' katika 'maker', lakini 'use' haiiachi katika 'useful', sababu mkia unaanza na konsonanti. 'Run' inaongeza 'n' katika 'runner'. Kwa kutamka kuko jambo moja ambalo watu hawalisemi sana. Kwa Kiswahili nguvu ya sauti inakaa siku zote kwenye silabi ya pili toka mwisho, ukiongeza mkia nguvu inasogea nao, hatufikiri hata. Kwa Kiingereza mikia ya zamani kama '-ness', '-ful', '-er' haisogezi nguvu. Lakini '-tion', '-ity' na '-ic' zinaivuta. 'Active' nguvu iko mbele, 'activity' imekwenda kwa 'ti'. Ndiyo sababu mtu anaweza kujua neno kwa macho miaka mitatu na asilisikie kwa redio.

Na mtu asifikiri maneno yote haya ni ya zamani za wazee. Neno 'scientist' lilitungwa na William Whewell wa Cambridge, akalitia katika maandishi mwaka 1834. Kabla yake hapakuwa na jina moja la watu wale. Alitazama 'artist', akachukua mkia ule akaufunga kwa mwili wa 'science'. Wengine walilichukia, leo hakuna anayeuliza.

Kwa wale wa mwaka wa kwanza wanaopenda kushindana kwa maneno marefu, hili hapa lina herufi 28: 'antidisestablishmentarianism'. Musikimbie. Katikati kuko 'establish', kusimamisha. '-ment' inalifanya jina, na Waingereza walilitumia kwa Kanisa lililounganishwa na serikali. 'Dis-' mbele inavunja umoja ule. 'Anti-' ni kupinga. '-arian' ni mtu mwenye wazo lile, na '-ism' ni wazo lenyewe. Kwa kifupi, ni msimamo wa wale waliokataa Kanisa la Anglikana litengwe na serikali. Walishindwa huko Ireland mwaka 1871 na huko Wales mwaka 1920. England Kanisa lile bado limeunganishwa na serikali mpaka leo.

Mimi na mwenzangu wa bweni tumefungua kaye ya mikia ya uongo. Mpaka jana ilikuwa na maneno 41, na tunabishana juu ya moja, 'business', kama ni 'busy' na '-ness' kweli, juu haisikiki hivyo hata kidogo. Porofesa alituambia ni kweli. Lakini mwenzangu anataka kuliweka kati ya maneno ya uongo, anasema mtu mwenye biashara ya kweli hakosi wakati wa kukaa na kuzungumza. Mwenye kuwa na neno ingine alilete kwa meza ya biblioteki kabla ya Ijumaa, aandike na mstari alimoliona, si neno peke yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Pedagojia